Legacy BP5 yenye McIntosh: spika za kulia kimya, fundi anataka kung'oa yote. Nitengeneze au niweke Android?

Nyanda_Juu (Iringa)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijakubali kazi ambayo sitaweza kuirudisha nyuma.

Nina Subaru Legacy wagon, BP5 ya 2004, imetoka Japani ikiwa na redio yake ya kiwandani, ile ya kioo cheusi yenye jina la McIntosh kwa maandishi ya kijani. Waliowahi kukaa ndani yake wanajua ninachosema. Mimi si mtu wa kelele, sihitaji vioo vitikisike. Nasikiliza dansi la zamani na rumba, na ni kwenye gari hili nilipoanza kusikia gitaa la kati likitembea peke yake kushoto huku la solo likimjibu kulia. Nyumbani nina sabufa ya kawaida na sijawahi kusikia hivyo.

Mwezi uliopita nilipeleka gari likaoshwe ndani. Wakamwaga maji ya sabuni kwenye kapeti, wakasugua, wakanyonya kwa mashine. Nililichukua jioni kapeti ikiwa bado mbichi. Siku chache baadaye shida ikaanza. Asubuhi kukiwa na baridi, spika zote za upande wa kulia kimya. Nikiendesha kuelekea Mafinga huku hita imewashwa, baada ya muda zinakwaruza kidogo, halafu zinarudi kama kawaida. Nikizima gari likapoa, kimya tena.

Kuna lingine ambalo lilikuwepo kabla ya kuoshwa: mlango wa mbele kushoto besi inapasua hata sauti ikiwa ndogo. Na redio inaishia FM 90, kwa hiyo stesheni nyingi za huku sizipati. Bluetooth hakuna. Kuna tundu la MD (zile diski ndogo za zamani), ambalo sina kazi nalo.

Fundi wa hapa mjini ameangalia kwa dakika chache akasema ampu (amplifaya) ya kiwandani ikishalowa haiponi, na kwamba "mambo hayo yameshapitwa na wakati". Anataka laki sita na nusu: redio ya skrini ya Android ya inchi 9, spika nne mpya, na sabufa nyembamba ya kuweka chini ya kiti. Tatizo ni kwamba redio yangu na vibonyezo vya AC viko kwenye paneli moja. Nilipouliza AC itakuwaje, akasema "tutakata, tutapatengeneza".

Hilo neno "tutakata" ndilo lililonileta hapa. Je, hii ampu inatengenezeka? Na nikiweka Android, inaweza kutumia ampu na spika zilizopo?

---

Kijana_wa_Rimu18 (Mwanza)

Dada, pole. Mimi ningeng'oa tu. Gari lina umri wa miaka zaidi ya ishirini, vipuri vya hiyo redio utavitafuta wapi? Android inakupa ramani, YouTube, kamera ya kurudi nyuma, Bluetooth. Nimeweka kwenye Mark X yangu na sijutii. Kamera peke yake imeniokoa mara nyingi kwenye maegesho ya mjini. Ila mwambie fundi asikate paneli, zipo paneli za kubadilishia za Legacy na Outback za miaka hiyo, zinakuja na nafasi ya redio na vibonyezo vya AC pembeni.

---

Fundi_Waya (Dar)

Dada, subiri. Usiruhusu mtu akate hata waya mmoja kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kazi yangu ni kutengeneza amplifaya. Nilianza na redio za majumbani na deki, magari yakaja baadaye. Dalili ulizoandika, na umeziandika vizuri kuliko wateja wengi wanavyoeleza wakiwa mbele yangu, zinaonyesha ampu ambayo haijafa. Ampu iliyokufa haifufuki kwa joto. Kitu kinachonyamaza kwenye baridi na kuamka gari likipata moto huwa ni kimoja kati ya viwili. Ama risasi ya kulehemu imepasuka kwenye mguu wa kiunganishi au wa IC (chipu), na chuma kikitanuka kwa joto kinagusana tena. Ama kuna kapasita iliyokauka, kwa sababu kapasita chovu inapopoa inazidi kuchoka. Kwa asubuhi za Iringa ugonjwa huo unajionyesha wazi. Gari hilohilo likiwa huku kwetu kwenye joto lingeweza kuuficha muda mrefu.

Sasa maji. Kwenye Legacy yako ampu imelala sakafuni, chini ya kiti cha mbele. Sponji iliyo chini ya kapeti inanyonya maji na kuyashikilia siku nyingi, juu unaona pamekauka na chini bado pamelowa. Unyevu unaingia kwenye soketi, na penye umeme wa volti 12 muda wote shaba inaanza kuota kijani. Maji ya sabuni ni mabaya kuliko ya mvua kwa sababu yanaacha mabaki yanayopitisha umeme. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya fundi yeyote: inua kapeti hiyo, weka kitu cha kuishikilia juu, acha milango wazi juani mpaka sponji ikauke kabisa. Ukitengeneza ampu ukairudisha kwenye kapeti bichi umetupa hela.

Ukienda kuitoa, chomoa kwanza hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa. Chini ya kiti utaona waya zenye soketi za njano. Hizo ni za eabegi na mkanda. Zisipimwe kwa mita, zisiguswe kwa taa ya kupimia, na gari lisiwashwe zikiwa zimechomolewa. Nasisitiza kwa sababu wapo mafundi wa redio wanaopima kila waya wanaouona, na huo si waya wa kuchezea.

Kabla ya kufungua boksi lenyewe, pima kwenye soketi yake ikiwa imechomekwa. Lazima uwepo umeme wa moja kwa moja kutoka betri, lazima iwepo ardhi safi (waya wa hasi unaoshika bodi ya gari), na lazima uwepo waya unaopata volti 12 pale tu redio inapowashwa, huo ndio unaoiamsha ampu. Kwako ardhi na umeme vinaonekana vipo, maana kushoto kunafanya kazi. Halafu fanya kipimo hiki, hakihitaji hata mita: asubuhi kukiwa na baridi na kulia kukiwa kimya, bonyeza kidogo kidogo soketi kubwa za ampu kwa kidole, uzisukume juu na chini. Sauti ikikwaruza au ikirudi, tatizo umeshalishika mkononi.

Ukifungua boksi, tumia macho na pua. Tafuta kijani au unga mweupe kwenye miguu ya soketi. Angalia kapasita zilizotuna kichwa au zilizoacha doa la kahawia chini yake. Kapasita iliyovuja ina harufu ya samaki, ukishainusa mara moja hutaisahau. Bodi isafishwe kwa spiriti ya isopropili ile ya asilimia 99 na brashi laini, si petroli na si maji. Kisha risasi ya miguu yote ya soketi na IC za kutoa sauti iyeyushwe upya, pamoja na kuongeza risasi mpya kidogo. Kapasita zikibadilishwa, uwezo wa mikrofaradi uwe uleule, volti iwe ileile au zaidi, na ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105, si 85. Chini ya kiti chenye hita inayopuliza pale, 85 hazina maisha. Wala zisiwe zilizochomolewa kwenye televisheni mbovu. Kapasita mpya ni kitu cha bei ndogo sana, hakuna sababu ya kuweka iliyotumika.

Nataka nieleze kwa nini nashikilia hivi, maana si mapenzi ya jina. McIntosh ilianzishwa Marekani mwaka 1949, na kwa miaka mingi imekuwa Binghamton, New York, ikitengeneza amplifaya za majumbani za bei kubwa. Mwaka 1990 ilinunuliwa na Clarion ya Japani na ikabaki mikononi mwake mpaka 2003. Ni katika kipindi hicho jina hilo lilipoingia kwenye Legacy. Tusidanganyane, ampu yako si ile ya sebuleni inayobebwa na watu wawili. Ila walioipanga walipanga sauti kwa ajili ya gari moja tu: mlango ule, kioo kile, kiti kile. Ampu ya namna hii inaongeza na kupunguza sauti za kati, besi na za juu kwa kila spika kulingana na mahali ilipofungwa. Ndiyo maana gitaa la kati unalisikia wazi hivyo kushoto na la solo kulia. Ukimtoa mmoja katika huo mnyororo, waliobaki wanafanya kazi waliyopangiwa na mtu ambaye hayupo tena.

Mfano wa wazi ni spika. Mifumo mingi ya kiwandani ya daraja la juu inatumia spika za omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na baadhi ya Bose za zamani zilikuwa chini ya omu 1. Za dukani nyingi ni omu 4. Ukiweka ya omu 4 kwenye ampu iliyozoea 2, nguvu inashuka karibu nusu, kisha mwenye gari analalamika kwamba spika mpya "haina nguvu" na kuambiwa anunue sabufa. Ukifanya kinyume, omu 2 kwenye ampu ya omu 4, IC inachemka na kujizima. Kwa hiyo chomoa spika, pima kwa mita. Ya omu 4 itasoma kama 3.2 mpaka 3.8. Ya omu 2 itasoma chini kidogo ya 2. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Na hizo "wati" za Android zisikutie moyo. Boksi linaandikwa 4 x 50 au zaidi. IC inayotumika humo mara nyingi ni ya aina ya TDA7388, na karatasi ya mtengenezaji wake inasema wati 26 kwa kila spika ya omu 4, kwenye volti 14.4, sauti ikiwa imeshaanza kuharibika kwa asilimia 10. Hapo ni kama IC yenyewe si feki.

Swali lako la Android na ampu iliyopo: inawezekana, lakini si kwa kusokota waya na kufunga tepu. Ampu nyingi za kiwandani zinapokea sauti kwa waya mbili kwa kila chaneli, na hakuna hata mmoja kati ya hizo ulio ardhi. Android inatoa sauti kwa zile soketi za RCA ambazo upande mmoja ni ardhi. Ukiunganisha hivi hivi unapata mngurumo, au mluzi unaopanda na kushuka na injini. Inatakiwa kifaa cha kubadilishia katikati, na waya wa bluu wenye mstari mweupe kutoka kwenye Android uende kuiamsha ampu. Fundi akikwambia "ampu hii haikubali Android", mara nyingi ni huo waya wa bluu hajauunganisha.

Ushauri wangu: kausha, toa ampu, ipeleke kwa fundi wa bodi, mtu anayetengeneza televisheni na redio kwa kifaa cha kulehemu, si mfungaji wa redio za magari. Hizo ni kazi mbili tofauti. Ikishindikana kabisa, tafuta ampu iliyotumika ya gari kama lako, namba iliyo kwenye lebo ilingane herufi kwa herufi. Android iwe hatua ya mwisho.

---

Kijana_wa_Rimu18 (Mwanza)

Fundi, umenigusa hapo kwenye mluzi unaopanda na injini. Mark X yangu inao tangu nifungiwe, nilidhani ni kawaida. Na nikiacha gari siku mbili tatu betri inakuwa imelala.

---

Fundi_Waya (Dar)

Mkuu, si kawaida, na huenda yote mawili yana chanzo kwenye waya za nyuma ya redio. Njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ardhi. Wafungaji wengine wanaunganisha nyekundu na njano pamoja ili redio isisahau saa, matokeo yake haizimiki kikamilifu na inakula betri usiku kucha. Zitenganishwe. Pima ampea zinazotoka kwenye betri gari likiwa limezimwa na kufungwa, baada ya kusubiri kama nusu saa. Ikizidi sana miliampea 50, kuna kitu hakijalala.

Mluzi: hamisha ardhi ya redio kutoka kwenye kibati cha dashibodi, ipeleke kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Kama una ampu nyuma, ardhi yake iwe fupi na waya wa umeme upite upande tofauti na waya za RCA. Jaribu hayo kabla hujanunua kichujio chochote.

---

Mvita_W211 (Mombasa)

Assalaam aleikum jamaa. Naongezea kidogo kwa wenye gari za Kijerumani, maana ushauri wa Fundi wa kupima waya wa kuamsha ampu kwetu hautoshi. Mimi nina Mercedes E-Class W211 yenye mfumo wa sauti wa Harman/Kardon Logic7. Humu sauti haipiti kwenye waya wa shaba kutoka redio hadi ampu, inapita kwenye uzi wa mwanga, ule mfumo unaoitwa MOST. Redio, ampu na kisomea CD vyote vimefungwa kwenye duara moja, mwanga unazunguka kutoka kifaa hadi kifaa. Kimoja kikifa, duara limekatika na vyote vinanyamaza, hata redio isiyo na ubovu wowote.

Mimi niliambiwa ampu imeungua. Kumbe ni kisomea CD ndicho kilichokufa. Jamaa mmoja mwerevu alichomoa uzi kwenye kila kifaa akatazama: penye uhai unaona mwanga mwekundu kwenye ncha, penye kifo hakuna kitu. Akaweka kiunganishi kidogo cha kurudishia mwanga mahali pa kile kisomea CD, mziki ukarudi palepale. Na uzi huo usikunjwe kwa nguvu, ukivunjika ndani hauonekani kwa nje.

Kwa hiyo Bi Nyanda, shukuru yako ni ya waya. Na huyo asemaye "haiponi" bila kuifungua, mwache apite.

---

Nyanda_Juu (Iringa)

Wakuu, nimerudi na majibu, na ahsanteni sana. Fundi_Waya, Mungu akuzidishie.

Niliinua kapeti. Juu ilikuwa kavu kabisa, lakini nilipokamua sponji ya chini maji yalitoka. Nimeikausha juani mpaka ikawa nyepesi. Kile kipimo cha kidole nilikifanya alfajiri kabla jua halijatoka, nikasukuma soketi kubwa kwenda juu: spika za kulia zikafunguka zote kwa mkupuo, nikaachia zikanyamaza. Nikarudia, ikawa vilevile.

Hapa mjini kuna mzee anayetengeneza redio na televisheni, kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya zamani. Hakuwahi kufungua ampu ya gari ya aina hii, lakini nilimsomea ulichoandika naye akawa anatikisa kichwa kukubali. Alitumia lenzi ya kioo, akanionyesha pete nyembamba nyeusi kuzunguka miguu ya soketi, risasi imeachana na mguu pande zote. Miguu miwili ilikuwa na kijani. Kapasita mbili zilikuwa na doa chini. Akasafisha, akayeyusha upya, akabadilisha hizo kapasita kwa nyuzi 105. Aliifanya kazi taratibu sana na kwa heshima, akakataa kuharakishwa.

Nimeifunga jana. Leo asubuhi kumeamka na ukungu na baridi ya kuuma, nikawasha, pande zote zikaimba kuanzia sekunde ya kwanza. Nimezunguka mji mzima bila safari ya maana. Laki sita na nusu bado ninazo.

Yamebaki matatu. Mlango wa mbele kushoto bado unapasua. Stesheni zinaishia 90. Na ningependa simu iingie. Mkuu wa Mwanza, kamera nimeielewa hoja yako, nitatafuta ile ndogo inayokaa kwenye kioo cha ndani, redio isiguswe.

---

Kijana_wa_Rimu18 (Mwanza)

Hongera dada. Kamera ya kioo iko vizuri, kaka yangu anayo kwenye Noah. Mimi jumamosi nazitenganisha hizo waya nyekundu na njano.

---

Fundi_Waya (Dar)

Dada, umenifurahisha sana leo. Mfikishie mzee huyo salamu zangu, mwambie kuna fundi Dar anamsalimia. Mtu wa namna hiyo mtunze.

Mlango wa kushoto: kabla hujatoa kava la mlango na kuihukumu spika, lijaribu kava lenyewe. Kava lililolegea vishikizo nalo linatoa sauti ya kupasua ileile. Bonyeza kava kwa kiganja wakati wimbo wenye besi unapiga, kelele ikipungua tatizo ni vishikizo, weka vipya na vipande vya sponji nyembamba. Kama si kava, tazama ukingo wa spika, ile pete laini inayounganisha koni na fremu. Ikiwa ni ya sponji, kwa umri huu inamumunyuka ukiigusa kwa kidole. Hapo spika yenyewe ni nzima, koili yake ni nzima, kinachohitajika ni pete mpya na gundi. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kwa milimita kabla ya kununua, pete ikiwa kubwa au ndogo kidogo koili itasugua. Wakati wa kubandika, gusisha betri ya rimoti, ile ya volti 1.5, kwenye miguu ya spika kwa sekunde moja. Koni ikirukia nje, upande uliogusa chanya ndio chanya, weka alama. Ukiirudisha kinyume na mwenzake wa kulia, besi ya mbele itapotea na utadhani ampu imerudia ugonjwa. Na usibadilishe koni wala spika nzima kwa sababu tu ya pete.

Stesheni: redio za Japani za wakati huo zinapokea kuanzia 76 mpaka 90, na sisi tunarusha 87.5 mpaka 108. Dawa ni ekspanda ya FM, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kupewa volti 12. Kinashusha mawimbi kwa kiasi fulani. Kwa mfano ya megahezi 20 inaleta stesheni ya 102.5 kwenye 82.5, na hapo utapata kuanzia 96 hadi 108. Ya 14 inakupa 90 hadi 104. Andika kwanza stesheni unazozipenda huko Iringa na namba zake, ndipo ununue ekspanda. Watu wengi wananunua bila kuangalia namba kisha stesheni moja waliyoitaka inabaki nje. Umeme wake uchukuliwe kwenye waya unaozimika na ufunguo.

Simu: angalia ndani ya kisanduku cha katikati na pembeni yake kama kuna tundu la AUX (la kuingizia sauti ya kifaa cha nje). Likiwepo, nunua kipokezi kidogo cha Bluetooth chenye waya wa kuchomeka humo, ndiyo njia safi kuliko zote. Lisipokuwepo, kuna zile transmita za kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Kwa redio yako bila ekspanda, transmita uiweke kati ya 87.5 na 90 tu, pale ndipo mawimbi yake na redio yako yanapokutana. Tafuta nafasi isiyo na stesheni. Ukishafunga ekspanda ya 20, unaweza kuiweka transmita 104.3 na kuisikiliza kwenye 84.3. Ila FM inabeba sauti mpaka kilohezi 15 tu, matoazi utayasikia yamefifia kidogo ukilinganisha na CD. Kwa hiyo dansi lako la zamani endelea kulipiga kwa CD. Na kabla ya yote hayo, lenzi ya kisomea CD ifutwe kwa pamba yenye isopropili kidogo sana, kwa mkono mwepesi, usije ukaanza kuona error ukadhani ni ampu.

---

Nyanda_Juu (Iringa)

Nimekagua sasa hivi kwa tochi. Kava limekaza vizuri, kwa hiyo nimelitoa. Ukingo wa spika ni sponji, na kipande kimebaki kwenye kidole changu. Koni ni nzima. AUX haipo. Naomba swali moja tu: pete ya raba inafaa mahali pa sponji? Mzee hapa anazo za raba tu.

---

Fundi_Waya (Dar)

Inafaa ikiwa laini na nyembamba. Raba nene inaikaza koni, besi inakuwa fupi. Mwambie akupe ambayo ukiisukuma koni kwa vidole viwili baada ya gundi kukauka inarudi yenyewe bila kusitasita. Na fanya zote mbili za mbele kwa pamoja, hata kama ya kulia bado haijapasuka. Ni ya umri uleule, na ukibadilisha moja pande mbili hazitalingana.